Kibao cha Bi Gwenllian

Haya yamemkuta rafiki yangu Nerys, anayesafisha nyumba ya kupangisha watalii hapa kijijini kwetu, pwani ya Wales. Mwenye nyumba, Alun, alimfukuza humo Bi Gwenllian, mpangaji wake mzee, akang'oa kibao cha jiwe chenye jina la zamani la nyumba, akakitupa baharini. Bibi hakumaliza hata mwezi, akafa.

Jumamosi iliyopita Nerys alisikia nyundo ikigonga jiwe ndani ya stoo ya giza chini ya ngazi. Akampigia Alun.

"Njoo umtoe na huyu, kama ulivyomtoa yule!"

"Panya hao, mwoga wee!" Alun akacheka kwenye simu. Alipofika, akaingia stoo. Nyundo ikanyamaza.

Alitoka amekumbatia kibao kilekile, kinachuruzika maji ya chumvi. Jina la nyumba limefutika. Limechongwa jina la Alun, na tarehe mbili: ya kuzaliwa kwake, na ya kesho yake.