Kamba ya Buluu

Kahaso na Tsuma walijuana kwenye foleni ya viazi karai pale Ukunda, siku ya soko, Tsuma alipommwagia ukwaju kwenye dera lake jipya la njano. Aliomba radhi mpaka foleni nzima ikacheka. Mwaka haujaisha, Jumamosi moja, akapeleka mbuzi wa posa kwa kina Kahaso kule Kinango. Kwao, mbuzi wa posa akishaliwa, wazee wamekubali na maneno yamekwisha.

Kesho yake, Jumapili asubuhi, upepo wa kusi ukavuma kwa hasira. Kahaso alifika pwani ya Diani dera limemganda mwilini. Bwana Duncan na mkewe walikuwa safarini, wamemwachia Tsuma mashua yao ya matanga aitunze, na sasa mashua yenyewe ilikuwa inagongwa mwambani. Mlingoti ukavunjika mbele ya macho yao. Watu kumi walisimama mchangani, na bahari ile haikuwa ya kuingia mtu.

"Si uliniambia mashua hufungwa kwa kamba mbili?" Kahaso aliuliza.

 Mara simu ya Tsuma ikalia. Alikuwa Bwana Duncan, jirani keshampasha habari.

"Zilikuwa mbili, bwana," Tsuma alisema, macho chini. "Zimekatika zote."

Hapo Kahaso akaikumbuka. Kamba nene ya buluu, yenye uzi mweupe. Jana yake tu aliiona shingoni mwa mbuzi, akaisifu. Kumbe mwenziwe aliona haya kufika ukweni na kamba ya katani.

"Tsuma."

"Niliiazima siku moja tu, kipenzi. Ningeirudisha leo."

"Usiniite kipenzi. Kamba ni kosa, na nani hakosei? Lakini umedanganya hapa mbele yangu, wala ulimi haukukwama."

Akaondoka. Alitamani kurudi amshike mkono, miguu ikakataa. Siku tatu hakuna aliyempigia mwenzake. Kazini, Kahaso alifua mashuka ya hoteli huku machozi yakimtoka bila ruhusa. Angefanya nini, masikini? Kumsemea kwa tajiri wake hakuweza. Kuolewa na uongo ule hakuweza pia.

Jumatano simu ya Kahaso ikalia.

"Nimemwambia," Tsuma alisema. "Ya mbuzi, ya kamba, yote."

"Akasemaje?"

" Alisema ufunguo wa stoo ya mashua nimwachie askari wa langoni kwake. Sina kazi tena, Kahaso. Mwambie baba posa nimeiondoa. Si haki akuoze kwa mtu mwenye mikono mitupu."

"Wataka mbuzi wako?"

"Sitaki uaibike."

"Mbuzi aliliwa Jumapili, Tsuma. Wajomba walimaliza mpaka supu ya kichwa. Utaondoa nini?"

 Kahaso akamsikia akicheka, na kicheko kikageuka kilio, naye akamwacha alie.

"Na kamba?" Tsuma aliuliza mwishowe.

"Mjomba Randu aliniletea jana. Nimeifua pamoja na mashuka. Njoo, kipenzi, tuipeleke sote wawili kwa huyo askari, ikae na ufunguo."