Ruta ya Zuwena, Kompyuta ya Tahiri

ALHAMISI, BAADA YA ALASIRI. MAKORORA.

Chumba cha nyuma ya saluni. Joto hilo! Tahiri, bosi wa kundi, katua mezani likompyuta la ofisini. Zuwena kaweka karuta kadogo, kale ka kugawia intaneti, kanaenea kiganjani.

"Mchongo huu hapa," alisema Tahiri. "Ghala la Mzee Sabiri. Iliki ya kutoka milima ya Amani imejaa mpaka mlangoni. Kesho watu wakiwa swala ya Ijumaa, tunabeba."

Shida kamera. Picha zinakwenda moja kwa moja kwenye simu ya mzee na ya mkewe. Ila waya unapita chumba cha jirani, na chumba wameshakipanga. Kilichobaki ni kuchomeka mtambo hapo kati, uzuie picha zisitoke.

"Ruta," alisema Zuwena. "Kazi yake hiyo moja. Haichezewi."

"Kompyuta inafanya kila kitu, sista."

"Ndiyo maana siitaki."

"Chuo kimekuharibu. Bosi nani hapa?"

Uweso, mdogo wake Zuwena, akacheka mpaka kikohozi. Mjinga! Dada mtu kaingia dili hili kwa ajili yake tu. Sharti lake moja: gari anaendesha yeye, na harudi nyumbani bila Uweso.

IJUMAA, ADHANA.

Kirikuu, kale kagari ka mizigo, nyuma ya ghala, Zuwena kwenye usukani. Uweso chumbani, analinda kompyuta.

"Usiguse kitu, we."

"Sigusi, da Zu."

Tahiri kavaa kanzu na kofia, utadhani anawahi safu ya mbele. Anabeba magunia.

IJUMAA, KHUTBA.

Mtaa kimya. Gari limejaa nusu. Halafu, jamani, muziki wa singeli!

Inatoka chumbani. Uweso kachomeka flashi yake, anaangalia video. Video ikawa inakwamakwama, naye akafunga kila kilichokuwa wazi kwenye skrini. Na programu ya Zuwena ya kuzuia picha humo humo. Picha zikatoka.

Mzee Sabiri yuko msikitini, simu kazima. Mkewe, Samiha, yuko nyumbani, hajazima.

"Wezi! Wezi ghalani!"

Watu wakamiminika. Chumba cha Uweso mlango wake uko barabarani, na singeli bado inalia humo, wakauzingira na mawe mkononi.

Tahiri akajirusha ndani ya Kirikuu. "Washa! Twende!"

"Uweso bado."

"Mmoja lazima ale kesi. Washa, we mwanamke!"

"Da Zu!" Uweso analia ndani. Mlango unapigwa mateke.

Zuwena akachomoa ufunguo. Akautupa mtaroni, kwenye yale maji meusi.

"Umefanya nini?"

"Tunakula wote."

Tahiri akaruka chini, kanzu na yote, mkono mpaka begani kwenye tope, anapapasa. Zuwena akabonyeza honi. Akaikandamiza, haachii. Pale mlangoni kwa Uweso watu wakageuka, mmoja mmoja, kisha wote.

Akatoa kichwa dirishani.

"Mwacheni mtoto huyo! Mzigo uko huku! Njooni!"

Wakaja mbio.