Njiwa Wawili wa Kopo Moja

Kila asubuhi kabla ya kengele, sisi wa klabu ya sanaa tulichora kwenye ukuta wa maktaba ya shule. Kiranja wetu alikuwa na amri moja: akishakoroga rangi, mtu asiongeze kitu kwenye kopo. Mimi nilipewa njiwa wawili wa kijivu, mmoja kwenye anga nyeupe ya mchana, mwingine jirani yake kwenye anga nyeusi ya usiku. Niliwapaka wote wawili kwa rangi ya kopo moja, nusura mkono ung'oke.

Kesho yake kiranja alisimama mbele yao, mikono kiunoni.

"Huyu wa usiku mbona amepauka? Umeongeza nyeupe!"

"Haki ya nani, sijaongeza chochote!"

"Kwa hiyo mimi ni kipofu?"

Nilitazama. Kweli, njiwa wa usiku aling'aa na wa mchana alikuwa mweusimweusi. Tangu hapo nikaitwa Ndumilakuwili. Hata rafiki yangu, ambaye tulikuwa chanda na pete, alihamia dawati la dirishani. Nilikula peke yangu, nikarudi nyumbani peke yangu. Siku ya nne niliamua kukiri kosa nisilolifanya, mradi nipate wa kucheka naye.

"Mwalimu, ni mimi. Niliongeza nyeupe," nilimwambia mwalimu wa sanaa.

"Kiasi gani?"

"Kama... kijiko?"

"Tangu kiranja alipomaliza kukoroga kijivu, nyeupe imo kabatini kwangu, na ufunguo ninao mimi. Twende ukutani."

Aliita klabu nzima. Akatoboa matundu mawili kwenye karatasi kubwa, akaifunika picha. Anga zote mbili zikafichika, vikabaki vipande viwili vya kijivu. Kijivu kile kile! Kiranja alichungulia mpaka pua ikagusa karatasi.

Mwalimu akaiondoa.

"Lo! Bado naona tofauti!" kiranja alisema. Kisha akanigeukia. "Nisamehe, dada. Nimekuonea."

"Hata mimi naiona," mwalimu alisema. "Jicho huleta rangi, lakini ubongo huilinganisha na kilicho kando yake. Ndiyo maana picha hutuchezea, na ndiyo raha yake. Ila ukitaka kumhukumu mwenzako, chunguza kwanza."

Akanishika bega.

"Nawe, siku tatu umesema kweli, leo ukaniletea uongo. Rafiki anayepatikana kwa uongo atakuacha mpweke vile vile."

Nilijua anasema kweli, maana nilipokuwa nikikiri, ndipo nilipojihisi mpweke kuliko siku zote.