Sahani ya Mama Cherehani

Risasi ya tatu ilipasua kioo cha pikipiki.

Mpelelezi Ukucha hakugeuka. Aliiacha Yamaha ijiangukie kichochoroni, akaruka ukuta, akaingia kwa mlango wa nyuma wa karakana ya kushona sare. Mafundi sita wakanyanyua vichwa. Vyerehani vikanyamaza.

"Mkuu, nimezipata," alinong'ona redioni. "Picha zote. Malori matatu, namba, lakiri, kila kitu."

"Tuma! Saa tano kamili yanavuka mpa—"

Mkwaruzo. Kisha kimya.

Casio ya mkononi ilisema saa nne na dakika thelathini na tano. Malori yale yalibeba dawa za homa za watoto, chupa elfu arobaini, na ndani ya chupa hamna dawa. Maji, sukari na rangi basi. Yakishavuka, hakuna wa kuyarudisha.

Simu yake haikuwa na mtandao. Nje, Noah nyeusi ilikuwa imesimama, juu yake kifaa cha antena nne, kama buibui aliyefia chali. Kifaa cha kuziba mawimbi. Jamaa mmoja alishapanda nguzo ya simu, koleo mkononi.

Kach! Waya ukaanguka.

"Binti!" Huyo alikuwa Miwani, mkubwa wa magendo yale. "Simu na redio nimeziba. Waya nimekata. Nitupie kadi ya picha uende kwenu salama."

Mwenye karakana, mjane waliyemwita Mama Cherehani, alitoa pini mdomoni. Akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Nguzo yote ile, kupanda kukata waya maiti! Mwanangu, simu ya mezani niliiomba miaka kumi na moja. Njoo kesho, njoo keshokutwa. Nikawaambia kaeni nayo!"

"Sasa michoro ya wateja unaipokeaje, mama?" Ukucha aliuliza, macho kwenye kompyuta iliyojaa michoro ya sare.

Kidole kikaelekea juu. "Sahani ya intaneti, iko kwenye paa. Inatazamana na mnara wa kinu cha unga, kule kilimani. Haitaki waya wa simu, haitaki laini ya mkononi. Umeme wake wa jua."

Ukucha alielewa papo hapo. Sahani ina mawimbi yake, membamba kama mwanga wa tochi. Yanampita Miwani utosini na hana habari.

Akachomeka kadi kwenye kompyuta ya michoro, akaanza kumtumia Mkuu picha huku akiwasimulia mafundi habari za chupa zile.

Asilimia nane.

Nyundo ikatua mlangoni.

"Nitachoma vyerehani vyote, we mama!"

"Choma! Vina bima. Hiyo sura yako je, inayo?"

Mafundi wakaangua kicheko, huku wanasukuma meza ya kukatia vitambaa kuzuia mlango. Mmoja alikuwa mjamzito wa miezi saba. Aliambiwa akae pembeni, akagoma. "Chupa hizo si ndio angenyweshwa wangu?"

Asilimia arobaini. Bawaba ya juu ikang'oka.

Sabini na moja. Ukucha akakagua bastola yake, Beretta. Risasi mbili.

Mia.

Saa tano kasoro dakika nne. Nyundo haikupumzika. Saa tano kasoro moja, maneno yakatokea kwenye skrini: *Yamezuiwa. Doria inakuja kwako.*

"Sogezeni meza," Ukucha alisema. Akafungua mlango mwenyewe.

Miwani alibaki na nyundo hewani, mdomo wa bastola ukimtazama puani.

"Kadi iko wapi?"

"Iko mpakani."

"Muongo! Umetumaje? Hapa hata inzi hapigi simu!"

Ukucha aliinua mkono, akafyatua juu ya bega la Miwani. Kifaa kilichokuwa juu ya Noah kikatawanyika vipande. Sekunde tatu hazikwisha, simu ikaita mfukoni mwa Miwani.

"Pokea. Wamekutafuta kweli."

Akapokea. Sauti ya dereva ilisikika mpaka ndani.

"Bosi! Tumekamatwa, bosi! Tunakupigia, hupatikani!"

Nyundo ikamponyoka. Juu ya nguzo, mwenye koleo hakujua ashuke au abaki hukohuko. Ving'ora vikakata kona.

"Samahani kwa mlango, mama."

"Mlango ni mbao tu. Haya, nyie, sare hazijishoni!"

Vyerehani vikaanza kuunguruma. Ukucha alizipita gari za doria bila kusimama, mikono mfukoni, akitembea katikati ya barabara.