Kicheko Kwenye Kaseti ya Hared

"Rudisha nyuma, nisikie tena," Shamso aliomba.

Jirani yake Mulki akabonyeza redio. Miaka hiyo ya tisini, mume wa Shamso, Hared, mfanyabiashara wa mbuzi huko Liboi, hakuandika barua. Alijirekodi kwenye kaseti, madereva wa malori wakaileta Garissa. Salamu zake ziliisha, pakawa kimya, kisha mwanamke akaangua kicheko.

"Hared, acha bwana! Watu watatusikia!"

Mulki akazima haraka.

"Abaayo, dada yangu, hapo huna mume. Huko kuna mke mdogo, tena anadekezwa!"

Mke mwenza si jambo geni mtaani Waberi. Kilichomuuma Shamso ni kile kicheko. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na hakukumbuka ni lini Hared alimchekesha hivyo.

Siku tatu zikapita. Ijumaa mchana Hared aliingia, akakuta begi mlangoni.

"Kuna msiba?"

"Narudi kwa kaka zangu Sangailu. Lakini kwanza niambie, huyu ni nani?"

Akawasha redio. Hared akasikiliza, akamkodolea macho.

"Wallahi, Shamso, humjui?"

"Nitamjuaje, na umemficha Liboi?"

Shamso akanyoosha mkono kuzima. Hared akaushika.

"Usizime. Sikiliza mpaka mwisho."

Kicheko kikaisha. Sauti ya mama mtu mzima ikaita kwa mbali:

"Shamso! Wageni wanangoja chai!"

Shamso akaketi chini pu! Ilikuwa sauti ya marehemu mama yake.

"Ni wiki ya harusi yetu," Hared alisema. "Nilikosa kaseti tupu, nikarekodi juu ya hiyo ya harusi. Nilikuwa nimeisikiliza kwanza, kwa hiyo nilipokaribia kicheko chako, mkono ukakataa kufuta."

Shamso alilia kwa aibu.

"Nimemwogopa huyu mwanamke siku tatu nzima."

"Mimi nimemkosa miaka sita. Nikirudi unanipa chai, unanipa habari za ukoo, basi. Naogopa siku moja nitakuta umenizoea kama mgeni."

"Na wewe ukija unahesabu siku za kuondoka! Nitamchekea nani?"

Hared akainama kulichukua begi alirudishe chumbani.

"Liache hapo hapo," Shamso akasema. "Nguo zangu zimeshafungwa. Kesho twende wote Liboi."

"Na kaseti?"

"Ibaki. Nakuja mwenyewe."