Ukuta wa Bluu wa Mama

Hakuna kazi ya nyumbani inayonishinda. Nafagia, nafua, napika, na siku ile nilishamaliza kuosha vyombo kabla mdogo wangu hajavua viatu vya shule. Kwa hiyo shangazi, ambaye ni fundi rangi, alipoleta kopo na rola, nilimwambia, "Shangazi, wewe nenda zako kazini. Ukirudi utakuta ukuta unang'aa."

"Wewe? Juzi ulipaka viatu kiwi, ukapaka na soksi."

"Si zilikuwa soksi zangu?"

Shangazi akacheka. "Haya, fundi. Leo piga mkono wa kwanza tu wa rangi, uache ukauke. Wa pili kesho. Umenisikia?"

Kusikia, nilisikia.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa chumba cha wazazi, upande wa kitanda. Mama alikuwa mbali mwaka mzima, akisomea ukunga. Kwenye simu alituambia kwamba chumba anacholala huko kina ukuta wa bluu nzito, iliyokolea karibu iwe nyeusi. "Nikiutazama natulia," alisema. Jumapili angekuja likizo. Nami nikapiga hesabu zangu: akikuta ukuta kama ule hapa nyumbani, atarudi kule kufuata nini?

Mkono wa kwanza ulitoka na michirizi. Rangi ya zamani, ile ya maziwa, ilichungulia kila mahali. Nikaona mama hawezi kubaki kwa ajili ya ukuta wa namna hiyo. Sikungoja kesho. Nikachovya rola tena, rangi ikiwa bado mbichi. Kila rola ilipopita ilibandua rangi ya chini ikaondoka nayo, ukuta ukabaki na mabaka kama mbwa mwenye upele.

Baba alisimama mlangoni, akainamisha kichwa upande huu, kisha upande ule. "Mwanangu, huu ni ukuta au ramani?"

Sikucheka. Hapo nilijua mambo yameharibika, maana mimi hucheka hata nikiumwa jino.

Shangazi aliporudi hakugomba. Aliweka msasa mkononi mwangu. "Ikikauka utasugua, tutaanza upya. Rangi iliyokolea hivi haifichi haraka ya mtu. Ipe muda wake."

Basi nikasugua mpaka mabega yakauma, tukapaka, nikangoja. Nikitoka shule nilikwenda moja kwa moja kugusa kona kwa ncha ya kidole. Nilisimama pale nikinusa rangi, nikijiuliza kama mama bado anajifunga kitambaa kichwani akilala, na kama bado anaimba akitafuta funguo.

Jumapili akafika. Alisimama mbele ya ukuta, begi likiwa bado begani. Bluu ilikuwa moja kutoka juu hadi chini, imetulia. Akaishika kwa kiganja.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi na shangazi," nikasema. "Kazi ndogo tu, mama. Wala sikuwa na wasiwasi. Nilipaka, nikaenda kucheza."

"Muongo!" akadakia mdogo wangu. "Jana alikuwa humu anaupepea kwa mfuniko wa sufuria. Anauambia, 'Kauka basi, mama akuone, asirudi tena kule.' Halafu akalia."

Mama akatua begi, akanivuta kwake.

"Kule nitarudi, mwanangu. Yamebaki masomo kidogo, nayo pia hayataki haraka. Nikimaliza, nakuja nikae. Lakini ukinikumbuka, niambie mimi, usiuambie ukuta. Kumkumbuka mama si aibu. Ukinificha, mimi huko mbali nitajuaje?"

"Sawa, mama. Ila sikulia. Ni rangi iliniingia machoni."

"Alilia!" mdogo wangu akasema. "Akanikumbatia na mikono yake michafu. Mama, tazama sikio langu."

Akageuza kichwa. Nyuma ya sikio kulikuwa na alama za vidole vitatu, bluu ileile, na ilikuwa imekauka vizuri kabisa.