Mkono wa Kaaha na Ubongo Mdogo

Kaaha alikuwa fundi wa kusuka mikeka. Alisuka huku mwanawe Jama akicheza karibu naye. Kisha vita vikaja, na watu wakahamishiwa kijiji chenye ua wa seng'enge nje ya Garissa. Siku ya kuhama alianguka kutoka kwenye lori, akagonga kisogo upande wa kulia.

Jeraha lilipona, lakini mkono wa kulia haukumtii tena. Akitaka kushika kikombe, ulitetemeka na kukipita. Akitembea aliyumba. Majirani walinong'ona kwamba anakunywa pombe. Hawo, mama mkwe wake, alisema ni jini, akamchukua Jama akae kwake. Kisha akatia chuma motoni ili amchome Kaaha kisogoni, kama wazee walivyofanya.

Mahat, mumewe, alimsihi mama yake angoje. Wote watatu wakaenda zahanati kwa muuguzi Koricha, mtu wa Wajir.

Koricha alimwambia Kaaha aguse pua yake. Mkono wa kushoto ulifika. Wa kulia uliishia shavuni.

"Si jini, dada, wala si pombe," alisema. "Huku kisogoni kuna ubongo mdogo. Ubongo mkubwa ukiamua ushike kikombe, huu mdogo unapima mwendo wa mkono. Umepangwa: kuna sehemu ya mguu, kuna sehemu ya mkono. Upande wake wa kulia unasimamia mkono wa kulia. Wako umeumia."

Hawo aliuliza amejuaje, na kichwa hakijafunguliwa. Koricha akaeleza kwamba wataalamu walitia nyaya nyembamba sana katika ubongo wa paka. Waligusa mguu wake, wakaona ni sehemu gani inayoitika. Akasema moto haufiki huko, unaacha kidonda tu.

"Mtu akigonga kichwa, mleteni siku hiyohiyo," akawaambia.

Daktari aliyezuru zahanati alimpima Kaaha. Koricha akamfundisha kuegemeza kiwiko gotini na kusogeza mkono polepole. Hakumficha kwamba huenda usirudi kama zamani. Kila siku Kaaha alifanya mazoezi kwa kikombe cha mchanga.

Mvua ziliponyesha, Hawo alimleta Jama, akamweka mapajani pa mama yake, akabaki amesimama karibu. Kaaha aliegemeza kiwiko, akainua kikombe cha maziwa. Mkono ulitetemeka kidogo, machache yakamwagika. Mengine Jama aliyanywa.

Hawo akarudi kwake peke yake.